Salamu moja kwa watu 412

Saa mbili usiku, tarehe 24 Desemba, nilibonyeza mara moja na ujumbe ukaenda kwa watu 412. Niliutunga mwenyewe, na nakiri niliupenda: "Heri ya Krismasi! Mwokozi aliyezaliwa usiku huu azaliwe pia moyoni mwako na nyumbani mwako, akujaze furaha." Nikaiacha simu mezani nikaenda misa ya usiku nikiwa mwepesi kama mtu aliyemaliza deni.

Kazi yangu ni maneno. Tuna ofisi ndogo ya tafsiri, tuko watatu, na wateja wetu wametawanyika nchi nyingi. Wengi sijawahi kuwaona kwa macho. Ndiyo maana nasimulia haya kwa haya. Mtu anayelipwa kupima neno lipi linamfaa nani ndiye aliyechukua neno moja akawamwagia wote.

Niliporudi nilikuta majibu zaidi ya mia, karibu yote ya kuchangamka. Kisha nikafika kwenye la mama mmoja anayetuletea nyaraka za mahakama: "Asante. Furaha sijui itatoka wapi. Tumemzika baba watoto Jumanne." Nilikaa kitandani na nguo zangu za misa, simu mkononi. Taarifa ya msiba ule ilikuwa kwenye baruapepe ya ofisi. Mwenzangu alishaijibu, akampa pole, akamwongezea na muda wa kulipa. Ofisi ilijua. Mimi niliyebonyeza sikujua, kwa sababu orodha ya namba haionyeshi nani kafiwa na nani anauguza.

Basi somo la kwanza halikuwa na dini ndani yake. Kabla ya kutuma chochote, pitia majina moja moja, hata yakiwa mia nne. Mimi hunichukua kama saa moja na nusu. Aliyefiwa mwaka huo namtoa kwenye orodha na kumwandikia peke yake, na neno furaha siliweki. "Nimekukumbuka siku hizi, poleni tena" inatosha.

Mengine yaliyokuja usiku ule yalihusu dini. Mteja ambaye ni Shahidi wa Yehova alinieleza kwa upole kwamba wao Krismasi hawaiadhimishi, wala Pasaka, wala siku za kuzaliwa, na angeshukuru nisipomtumia tena. Mwingine, Mworthodoksi wa Serbia, aliandika: "Asante, umewahi siku kumi na tatu." Nilidhani ananitania hadi nilipotafuta. Kanisa lake linafuata kalenda ya zamani ya Juliasi, kwa hiyo Desemba 25 yao inaangukia Januari 7 kwenye kalenda hii tunayoitundika ukutani. Mimi namtakia sherehe, yeye bado amefunga. Tena usije ukachukua hilo ukalifanya kanuni ya Waorthodoksi wote, maana Wagiriki husherehekea Desemba 25, na Ukraine ilihamishia sikukuu ya taifa ya Krismasi kwenye tarehe hiyo mwaka 2023.

Lakini aliyenigeuza ni mzee mmoja Mwislamu, mteja wetu wa miaka sita. Yeye hakuandika. Alipiga simu asubuhi ya Krismasi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sikukuu njema. Nimeupata ujumbe wako."

Nikaanza kujitetea hata kabla hajauliza. "Mzee nisamehe, uliondoka kwa wote kwa mkupuo, sikukusudia..."

"Sijakasirika. Mtu akiniombea heri nitamkasirikia nini? Nakuuliza kitu kimoja tu. Mwaka huu zimepita Idi mbili. Ulikuwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Baadaye nilirudi nyuma kwenye ujumbe wetu: Krismasi sita tumemtumia, Idi hata moja. Kwa hiyo tatizo langu halikuwa kumtaja Yesu kwa Mwislamu. Tatizo lilikuwa kwamba kwa miaka sita nilimkaribisha kwenye furaha yangu na sikuwahi hata kuchungulia yake. Siku hiyo, hata hivyo, sikulielewa hivyo. Nilielewa kijinga: kwamba dini ni hatari, tuiondoe.

Mwaka uliofuata tukawa waoga. Tulikaa kikao, sisi watatu, tukabishana mchana kutwa. Mwenzangu mmoja alitaka tuache salamu kabisa. Mwingine alileta "Salamu za Msimu", na mimi niliyeungua mwaka uliopita nikamuunga mkono haraka. Tukachapisha kadi 300 za karatasi nzuri, zenye picha ya theluji, utepe mwekundu na majani ya kijani. Tukatuma 90 za kwanza.

Msimu gani? Kwa Kiswahili swali hilo linakuja lenyewe, na sijui lilitupitaje. Msimu tunaoujua ni wa mvua, wa mavuno, wa pepo. Mteja wa upande wa kusini wa dunia alituuliza kama theluji ile ni ya kwetu au ya kwake, maana kwake Desemba ni kiangazi na alikuwa anatokwa jasho akiisoma. Huyo alicheka. Mchungaji mstaafu tunayemsahihishia miswada hakucheka: "Mmeanza lini kumwonea haya Bwana?" Na yule mzee wangu, ambaye kwa ajili yake hasa ndio tuliifanya kazi yote ile, aliipiga picha kadi akanirudishia na maneno haya: "Mwanangu, hii ni Krismasi ileile. Mmeivua jina tu."

Nilikasirika kidogo, sitaficha. Nilihisi hakuna linalompendeza mtu. Lakini tazama kadi: nyekundu, kijani, imefika tarehe 22 Desemba. Ingekuwa kweli haina sikukuu ndani yake, kwa nini isifike Machi? Mkristo aliona tumemficha Bwana wake, Mwislamu akaona tumemletea sikukuu ya jirani na kumwambia ni ya kila mtu. Kadi 210 zilizobaki ziko kabatini hadi leo; nyuma hazina maandishi, tunazitumia kuandikia namba za simu.

Katika hasira hizo nilisoma sana historia ya kadi hizi, na kuna mambo mawili yaliyonituliza. La kwanza: ugomvi ni wa kale kuliko tunavyodhani. Waliokataza Krismasi katika koloni la Massachusetts mwaka 1659, na kuweka faini ya shilingi tano kwa atakayeisherehekea, walikuwa Wakristo wenyewe, Wapuritani, na marufuku ile haikuondolewa hadi 1681. La pili linanihusu zaidi. Kadi ya kwanza ya Krismasi kuchapishwa kwa ajili ya kuuzwa ilitolewa London mwaka 1843 na Henry Cole, mtu mwenye shughuli nyingi aliyekuwa na barua nyingi za kujibu na muda mchache. Alimpa kazi mchoraji John Callcott Horsley, zikachapwa kama elfu moja. Maneno yake yalitaja Krismasi na Mwaka Mpya kwa pamoja. Katikati hakuna hori wala malaika, ila familia iliyoinua glasi za divai, na watu wakalalamika kwa sababu mtoto naye ananyweshwa. Yaani tangu siku ya kwanza kadi ya mkupuo ilizaliwa na mtu aliyekosa muda, na tangu siku ya kwanza ililalamikiwa. Nilimwonea huruma, nikajiona.

Kama ungeniuliza wakati ule, ningekwambia tumeshindwa kwa sababu hatukujitahidi vya kutosha. Kwa hiyo mwaka wa tatu nikajitahidi kupita kiasi.

Nilitengeneza kalenda. Nikakusanya kila sikukuu niliyoweza, nikazipa rangi, nikawapanga wateja kwa majina yao. Hapo pa majina ndipo mwenye akili angesimama. Mteja anaitwa Musa: Mwislamu, Mkristo au Myahudi? Jina ni la wote watatu. Nilibahatisha, nikamtumia Idi Mubarak mtu ambaye ni mzee wa kanisa. Alijibu "Amina" na kicheko, nikashukuru Mungu.

Kosa la pili halikuwa na kicheko. Kalenda yangu ilikuwa na Ashura, tarehe 10 Muharram, nami kwangu kila tarehe yenye rangi ilikuwa sikukuu na kila sikukuu ilikuwa "Heri ya". Mteja wangu ni Mshia. Kwake siku hiyo ni ya kilio, ya kumkumbuka Husein, mjukuu wa Mtume, aliyeuawa Karbala mwaka 680. Ni kama mtu anitumie mimi "Heri ya Ijumaa Kuu" yenye maua na vigelegele. Aliniandikia mistari miwili mifupi ya kunieleza, bila matusi, na tangu hapo kazi zake amezipeleka kwingine. Sina ushahidi kwamba ndiyo sababu. Lakini mwezi ule ndio alioondoka. Kwa hiyo siku ambayo huijui vizuri usiitakie heri kabla hujajua watu wanaifanyia nini: wanafurahi, wanatubu, au wanalia. Yom Kippur ya Wayahudi nayo ni siku ya kufunga na kuomba msamaha, haina shangwe. Na nikiwa hapo kwa Wayahudi: sisi wengi tunaikumbuka Hanuka pekee kwa sababu imekaa jirani na Krismasi yetu, tukaipa ukubwa. Mteja wangu Myahudi aliniambia kama nina ujumbe mmoja tu kwa mwaka, nimtumie wa Rosh Hashana, mwaka mpya wao, ambao huangukia Septemba au Oktoba.

Kisha likaja la mwezi. Nilijua Idi el-Fitri inafuata Ramadhani, nikahesabu siku 29, nikautega ujumbe ujitume wenyewe saa moja asubuhi. Mwezi wa Kiislamu una siku 29 au 30, na mwaka ule mwezi haukuandama usiku ule. Mimi nimelala. Saa moja kamili simu ikawatumia watu waliokwisha kula daku na kunuia funga ya thelathini: "Idi Mubarak! Mfungo umekwisha, kuleni mfurahi." Nilipoamka kulikuwa na jibu la mzee.

"Bado tuna moja, mwanangu."

Nilicheka peke yangu hadi machozi, halafu nikatoa mitego yote kwenye simu. Salamu ya Idi siitegi tena. Nasubiri itangazwe, ninaandika kwa mkono, na ikichelewa nusu siku hakuna aliyewahi kulalamika. Kuchelewa kuna msamaha, na Idi yenyewe huwa haiishi kwa asubuhi moja.

Nisisahau la Kwanzaa, maana hili linatuhusu sisi wenye Kiswahili kuliko mtu mwingine yeyote. Tarehe 26 Desemba mteja mmoja Mmarekani mweusi alinitumia maneno mawili: "Habari gani?" Nilifurahi kwamba amejifunza lugha kwa ajili yangu. Nikamjibu: "Salama kabisa, za kwako?" Kimya. Baadaye alinifafanulia akicheka. Kwanzaa ilianzishwa mwaka 1966 na Maulana Karenga huko Marekani, inakwenda kuanzia Desemba 26 hadi Januari 1, na kila siku ina nguzo yake kwa Kiswahili: Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba, Imani. Ukiulizwa "Habari gani?" unajibu kwa kutaja nguzo ya siku. Siku ile jibu lilikuwa "Umoja". Mwenye lugha nimeulizwa kwa lugha yangu na nimeshindwa! Na hiyo si sikukuu ya dini. Wapo Wakristo wanaoifanya pamoja na Krismasi yao. Ile mistari niliyochora kwenye kalenda, huku dini na huku si dini, ikazidi kufutika.

Kulikuwa na jambo jingine lililonisumbua kimya kimya, nalo nalisema kwa sababu najua linawasumbua wengi. Mimi ni Mkatoliki. Nikisema "Idi Mubarak" nimekiri nini? Nilimuuliza mzee, nikijua hatanicheka. Akasema, "Kunitakia heri siku yangu si kusilimu. Ungekuwa umesilimu ningejua, ungekuwa unajua mwezi unaandama lini." Baadaye niliyaangalia maneno yenyewe kwa jicho la kazi yangu. "Mubarak" ni ndugu wa damu wa "baraka" na "barikiwa", maneno ninayoyaimba kanisani kila Jumapili. Na salamu yangu ya Kikristo, "Heri ya Krismasi": heri imetoka Kiarabu, Krismasi imetoka Kiingereza, na cha kwetu pale ni hiyo "ya" ya katikati. Tangu hapo nimekuwa mtulivu. Silazimiki kusema imani nisiyokuwa nayo. Namtakia mtu heri katika siku yake, basi. Na kwa Wakristo wenzangu nimerudia maneno yangu ya zamani yote, Mwokozi azaliwe moyoni, bila kumumunya. Mchungaji mstaafu aliyapokea kwa "Aleluya" tatu.

Sasa tunafanyaje? Tuliacha kubahatisha, tukauliza. Januari, kwenye fomu ileile ya mteja kuthibitisha anwani yake, tuliongeza mstari: "Ni siku gani katika mwaka ungependa tukukumbuke? Ukipenda tusikutumie salamu, tuandikie hivyo." Zaidi ya nusu walijibu. Wengine waliandika "zote". Yule Shahidi wa Yehova aliandika kwamba barua ya kumjulia hali, siku yoyote ya kawaida, angeipenda sana, nasi humwandikia Februari. Mmoja alijibu: "Hakuna. Nileteeni kazi yangu kwa wakati." Naye anaheshimiwa.

Tahadhari moja: mbele ya jina andika siku, usiandike dini. Kwetu imeandikwa "Idi", haikuandikwa "Mwislamu". Nilizinduliwa na mteja wa Ufaransa. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data, GDPR, inayotumika tangu 2018, inaiweka imani ya dini kwenye fungu la taarifa zinazolindwa zaidi, na hata pasipo na sheria hiyo, orodha ya watu kwa dini zao si kitu cha kuacha kikizagaa kwenye kompyuta.

Kwa ambao hawakujibu, tunatuma "Heri ya Mwaka Mpya" na si kingine, na tunaituma tarehe 30, Krismasi ikishapita, ili isionekane ni ileile imevuliwa jina. Kadi haina utepe mwekundu. Mtu ambaye hatujui sikukuu yake akitusalimu kwa sikukuu yetu, "Heri ya Sikukuu" nayo inakwenda vizuri, kwani siku kuu ni siku kuu, neno halimtaji Mungu wa mtu wala halimfichi. Lakini usimpelekee mtu ambaye siku hiyo kwake ni Jumatano ya kawaida. Na wewe ukitumiwa salamu isiyo yako, kama mimi nilivyowatumia wengi, shukuru kwanza. Ikija mwaka wa pili na wa tatu, shukuru kisha uliza, kama mzee alivyoniuliza. Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hadi leo sijasahau.

Kazi imeongezeka, silalamiki ila nasema. Zamani ilikuwa sekunde moja kwa mwaka, sasa ni jioni kama nane zilizogawanyika. Yule mama aliyefiwa huandikiwa na mwenzangu, si mimi. Nilimwomba msamaha mwaka ule akaupokea, lakini sauti anayoizoea ni ya mwenzangu.

Desemba iliyopita nilikuwa navaa viatu vya kwenda misa simu ikalia. Alikuwa ameniwahi.

"Heri ya Krismasi, mwanangu. Au bado mnayo moja?"